Niliandika jina la meli badala ya jina la ukoo: uzoefu wangu wa kutafuta nasaba Australia

Mimi si Mwaustralia, niseme mapema. Ni mtoto wa Tengeru, Arusha, nipo Perth mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Mambo ya kutafuta nasaba kwenye kompyuta sikuwahi kuyafikiria. Wa kwetu nawajua hadi babu wa babu, maana nyumbani ukikosea ukoo unasahihishwa mbele ya wageni.

Aliyeniingiza humo ni Bibi mmoja ninayekwenda kwake siku tatu kwa wiki. Jina lake silitaji, na ameridhia niandike kwa sharti hilo. Siku ya kwanza binti yake alinitambulisha kuwa natoka Tanzania. Bibi akaweka kikombe chini, akanitazama kwa muda, akasema, "Maji moto." Nikaenda jikoni kuwasha birika. Nikiwa huko namsikia anacheka. Kumbe alikuwa ananisalimia. Ndicho Kiswahili kilichombakia: maji moto, ndizi, haraka haraka, na kuhesabu hadi saba. Nane imepotea.

Kisha akataja Tengeru, na akaitamka vizuri kuliko mabosi wangu wote.

Tuliokulia kule tunayajua makaburi ya Wapolandi, yale yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Tulikuwa tukipita pembeni kwenda Ziwa Duluti na hatukuuliza kitu. Wazungu walikufa, wakazikwa, basi. Ilibidi nifike Perth ndipo nisimuliwe na Bibi huyu, aliyekaa kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi iliyokuwa pale. Familia yake ilitolewa mashariki mwa Polandi na Wasovieti Februari 1940, ikapelekwa kwenye baridi ya kaskazini kukata miti. Mwaka 1942 wakatoka kupitia Uajemi pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders. Baba akabaki jeshini, mama na watoto wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi zilikuwa nyingi, Masindi na Koja kule Uganda, Kidugala, Ifunda na Kondoa huku kwetu, ila Tengeru ndiyo ilikuwa kubwa, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Vita vilipokwisha hawakuwa na pa kurudi, kwao kumeshachukuliwa na Sovieti. Februari 1950 meli iitwayo General Langfitt ikawapakia zaidi ya 1,100 Mombasa na kuwashusha Fremantle, bandari ya hapa Perth. Bibi alikuwa na miaka 11.

Alichokitaka Bibi ni kitu kimoja tu: karatasi yoyote yenye sahihi ya mama yake. Hakutaka mti wa ukoo wala kujua kama ana damu ya kifalme. Vitu vya mama vilipotea walipohama nyumba, na hakuna hata barua iliyosalia.

Kijana wake (ana miaka zaidi ya 60, ila kwa mama yake ni kijana) alikuwa amehangaika miaka miwili na tovuti ya kulipia. Siitaji. Unapewa siku 14 za majaribio, kadi ya benki mbele, na siku ya 15 hela ya mwaka mzima imeshakatwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni ile miti ya ukoo inayojazwa na watumiaji wenyewe. Tulimkuta mama yake Bibi ameolewa mara ya pili Chicago na amefariki 1931, miaka kadhaa kabla hajamzaa Bibi. Nikafungua miti mingine iliyokuwa inakubaliana na huo, ikafika 14. Wote wamenakiliana. Kosa ni moja, ila kila mmoja anamtolea mwenzake ushahidi.

Nisizidishe. Kama mababu zako ni Waingereza au Waayalandi waliotua Sydney karne ya 19, tovuti za aina hiyo zinasaidia sana, na huna haja ya kulipa. Maktaba kubwa za majimbo huwa zimeshalipia, Ancestry ikiwemo. Ukiketi ndani ya jengo unatumia bure mpaka wafunge. Chukua koti, kiyoyozi chao hakina huruma.

Kilichotufaa sisi ni Nyaraka za Taifa, yaani National Archives of Australia. Makao yake ni Canberra, ila sehemu yake ya kutafutia iitwayo RecordSearch iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, huombwi hata senti. Humo mna mafaili ya wahamiaji, mafaili ya wanajeshi wa vita vya kwanza vya dunia ambayo yote yameshapigwa picha na unayasoma ukiwa umelala kitandani, orodha za abiria, na makaratasi ya wageni wasio Waingereza waliotakiwa kujiandikisha serikalini. Serikali iliyokuwa ikiogopa wageni iliwaandika sana. Leo wajukuu wanafaidi.

Nikaandika jina la ukoo kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho cha Bibi. Hakuna. Kijana naye alikuwa ameishia hapo hapo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo hela yenu ilipo. Majina ya Kipolandi yanabadilika kwa jinsia. Tuseme ukoo ni Pawłowski (silo lenyewe): mwanamume ni Pawłowski, mkewe na binti yake ni Pawłowska. Karani wa Australia hakuwa na habari hiyo. Mtoto akienda shule akiwa na -ska na kaka yake -ski, mwalimu anaona kosa, anawasawazisha wote kuwa -ski. Na ile herufi ya katikati, L iliyokatwa na mstari, hutamkwa kama W yetu. Karani aliyeona jina kwenye karatasi ataandika L ya kawaida. Karani aliyelisikia tu kwa masikio ataandika analojua yeye na Mungu wake. Jina moja, maandishi manne, na kompyuta haina busara ya kujua ni mtu yule yule.

RecordSearch inakubali kinyota: unaandika herufi chache za mwanzo, unaweka kinyota, inakuletea miisho yote. Ilisaidia kidogo, ila nilipata Wapolandi wengi mno. Ndipo nikamuuliza Bibi, mlikuja na meli gani? Akajibu papo hapo. Miaka miwili kijana wake hakuwahi kumuuliza. Alikuwa anaandika Polandi, Polandi, Polandi, ilhali mama yake hakutoka Polandi kuja Australia. Alitoka Mombasa.

Kumbe vichwa vya mafaili mengi ya wahamiaji wa miaka ile vimeandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, halafu jina la meli na siku iliyofika. Nikafuta jina la ukoo, nikaandika General Langfitt na 1950. Wakajipanga mmoja mmoja, mama na watoto wake, mama na watoto wake. Nikaanza kutafuta kwa tarehe ya kuzaliwa ya Bibi. Ukurasa wa tatu, yumo. Jina lina -ska, na herufi mbili za katikati zimepinduliwa. Hapo chini yake, mama.

Nilipiga kelele, Bibi akadhani nimeungua.

Kuona jina la faili si kuona faili, hilo lijueni. Nyaraka za serikali hufunguliwa baada ya muda uliowekwa na sheria, zamani miaka 30 na sasa 20, lakini lazima mtu azikague kwanza kama kuna siri ya afya au ya mtu mwingine. Faili lenye alama kuwa halijakaguliwa unaliombea. Inaweza kuchukua miezi, na ukitaka lipigwe picha kuna ada. La mama lilikuwa halijakaguliwa. Tukaomba, tukasubiri.

Wakati wa kusubiri nikahamia Trove, ya Maktaba ya Taifa. Hii nayo ni bure, na inalevya. Kuna usiku nililala saa nane. Ni magazeti ya zamani ya Australia nzima, mengi yakiishia 1954 kwa sababu ya hakimiliki, yamepigwa picha na kusomwa na mashine. Mashine haisomi wino uliofifia vizuri, kwa hiyo wanaruhusu mtu yeyote kusahihisha mstari akiona kosa. Watu wanakaa kusahihisha mamilioni ya mistari bila malipo. Nami nimesahihisha, nimerudishia Tanganyika herufi zake mara mbili na nikajisikia mtumishi wa umma. Humo humo mna Gazeti la Serikali, ambalo miaka ya hamsini lilikuwa linachapisha majina ya waliopewa uraia pamoja na anwani zao. Hapo tulipata nyumba ya kwanza waliyopanga, mtaa ambao Bibi alikuwa ameusahau kabisa. Kijana akatupeleka kwa gari. Siku hizi ni mahali pa kuoshea magari.

Nimekuwa nikiulizwa kuhusu vyeti vya kuzaliwa. Australia haina ofisi moja ya taifa ya vizazi na vifo. Kila jimbo na lake, na kila moja lilianza kwa wakati wake: Tasmania 1838, Australia Magharibi 1841, Victoria 1853, New South Wales 1856. Ukimtafuta mtu wa Melbourne kwenye orodha ya Sydney utazeeka hapo. Na msisumbuke kutafuta sensa kama ya Waingereza. Fomu zenye majina walikuwa wakiziharibu baada ya kuhesabu. Za kale chache tu zimesalia, kama ile ya New South Wales ya 1828.

Mkwe wa Bibi alipoona tunavyohangaika akasema na yeye atafutiwe wake. Huyo nilimaliza kwa jioni moja! Babu yake wa zamani aliletwa Fremantle akiwa mfungwa. Australia Magharibi ilipokea wafungwa kutoka Uingereza kuanzia 1850 hadi 1868, karibu 10,000, na meli ya mwisho, Hougoumont, ilitia nanga Januari 1868. Mfungwa aliandikwa urefu, rangi ya macho, umbo la uso, hadi mchoro wa nanga uliochanjwa mkono wa kushoto. Tasmania ni hivyo hivyo, na rejista zao unazifungua mtandaoni bure. Mkwe amefurahi utadhani ametajwa kwenye wosia. Zamani familia zilikuwa zinaficha jambo hilo, sasa linawekwa sebuleni. Bibi akauliza huyo babu aliiba nini. Kondoo. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama yangu naye angeiba kondoo, tungempata mapema."

Mwenzangu kazini, ambaye ni mwenyeji halisi wa nchi hii, alinisikiliza nikisifia makaratasi akanyamaza, halafu akaniambia karatasi za bibi yake zimeandikwa na watu waliomchukua kwa mama yake, maana zamani serikali ilikuwa ikiwanyang'anya wenyeji watoto wao. Kwa familia kama zao kuna watu wanaosaidia kutafuta bila malipo, shirika la Link-Up na AIATSIS, ile taasisi ya mambo ya wenyeji kule Canberra, na wanakaa na mtu wakati wa kusoma. Tangu hapo nimepunguza shangwe mbele ya watu nisiowajua.

Tukiwa bado tunangoja faili, Bibi akasema ana kaka yake mdogo aliyebaki Tengeru. Kubaki maana yake kuzikwa. Nikampigia mdogo wangu, ana duka pale karibu na barabara kuu. Alienda na simu Jumapili baada ya ibada, mlinzi akamfungulia. Kuna makaburi kama 150, yametunzwa, yana majina. Akapita safu kwa safu akinitumia picha, mimi Perth namwonyesha Bibi, Bibi anatikisa kichwa, inayofuata. Ya 30 na kitu akashika mkono wangu. Mdogo wangu alikuwa amefuta vumbi kwa kitambaa, na kwenye jiwe ile herufi imekatwa mstari vizuri kabisa, jina zima halina kosa. Kati ya maandishi yote ya ukoo ule niliyoyaona, yaliyo sahihi peke yake yalikuwa kwetu, hatua chache kutoka nilipokuwa nikipita na ndoo.

Faili lilifika baadaye, kurasa 12. Picha ya mama, nywele amezibana nyuma, anaonekana amechoka kupigwa picha. Majibu ya kipimo cha kifua. Kazi: mtumishi wa ndani, ingawa Bibi anasema kambini alikuwa akifundisha kushona. Ahadi ya kufanya kazi miaka miwili popote serikali itakapompeleka. Mahali pa mwisho alipoishi: Tengeru, Tanganyika. Nilisoma mstari huo mara kadhaa. Na chini, sahihi, kwa wino uliotoboa karatasi. Karani juu amepiga chapa jina lenye L tupu, mama chini yake ameandika jina lake na kuikata L kwa mstari mrefu unaovuka mpaka herufi inayofuata.

Bibi aliitazama kwa kioo cha kukuzia. Akasema mama alikuwa na mwandiko mbaya siku zote. Akataka nakala mbili, moja yake, nyingine nimtumie mdogo wangu kwa sababu ndiye aliyefuta vumbi. Nimemtumia. Hakujua aifanyie nini, basi ameibandika dukani, juu ya vocha za simu.