Matone ya macho ya kromoglikati 2%: mazuri, ila si ya mwenye haraka

Kama macho yanawasha leo na unataka nafuu leo, haya si matone yako. Sodiamu kromoglikati haipambani na histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa mzio, ikiwa imekwisha kumwagika. Hutuliza seli za masti, yaani seli za kinga zinazoihifadhi, zisiimwage. Ndiyo maana hudondoshwa mara 4 kwa siku, tone 1 au 2 kila jicho, na nafuu kamili huchukua siku kadhaa, hata wiki. Wengi huacha mapema wakidai wameuziwa feki.

Sifa yake ilijengwa juu ya panya. Seli za masti za tumboni mwa panya mkubwa wa maabara zikichokozwa kwa kemikali iitwayo 48/80, inayozifanya zimwage histamini, kisha zikapakwa rangi ya toluidini buluu, chembe zinazobeba histamini huonekana kwa zambarau, zimetapakaa nje ya seli. Kromoglikati ikiingia pamoja na kichokozi, chembe nyingi hubaki ndani. Ikitangulizwa dakika kadhaa kabla ya kichokozi, nguvu ya dawa hushuka, na hapo ndipo jaribio huharibika. Kwa panya wadogo haitabiriki, na seli za masti za ngozi ya binadamu karibu haziisikii kabisa. Matokeo ya panya, basi, yasimezwe mazimamazima.

Kasoro ya chupa: nyingi zina benzalkonia kloridi, kihifadhi kinachonasa kwenye lenzi laini za kuvaa machoni, kwa hiyo vua lenzi kwanza. Ikishafunguliwa, itupwe baada ya siku 28, hata kama imebaki nusu. Anayetaka nafuu ya haraka aulizie matone ya ketotifeni: hudondoshwa mara 2 tu kwa siku, na huzuia histamini pia.