Nyuzi 6 zilivyokuwa 20: uzoefu wangu wa kugeuziwa gitaa Pune

Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja hapa Pune, India, ninakosoma, gitaa langu la kawaida anigeuzie liweze kupiga raga, yaani mitindo ya noti ya muziki wa jadi wa Kihindi. Alinitoza rupia 18,000 na akakaa nalo wiki tano. Sasa nina miezi minane nalo.

Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, ndizo zilizonishinda. Kwenye raga sauti hairuki kutoka noti moja hadi nyingine, inateleza, na huo mtelezo wanauita meend. Mpiga gitaa wa India, Brij Bhushan Kabra, alililaza gitaa mapajani akatelezesha chuma juu ya nyuzi, kama wafanyavyo Wahawaii. Baadaye Vishwa Mohan Bhatt wa Jaipur akaongeza nyuzi, akaliita Mohan veena. Nami niliomba la mtindo huo: nyuzi 3 za kupigia wimbo, 5 za kuandamia, na 12 nyembamba zinazopita chini, zisizoguswa, zinazoitika zenyewe. Hizo huitwa tarab. Mimi niliyekulia Unguja, jina hilo tu lilinivuta.

Fundi aliinua nyuzi za juu ili chuma kisigonge freti, akaunga ubao pembeni mwa shingo na kupachika vigingi vya tarab. Mkono wake ni safi, hata mahali pa gundi hupaoni. Siku ya kwanza nilipiga Sa, noti ya kwanza ya ngazi, mara moja nikanyanyua mkono, na chumba kikaendelea kuvuma. Nilikaa kimya mpaka ikaisha. Lakini tarab haikubali uongo: ukikosea noti kidogo tu, hainyanyui sauti. Sikio langu limenoka kwa hilo kuliko kwa mazoezi yote ya nyuma.

Uvumilivu unahitajika. Ukitoka raga Yaman kwenda Bhairav, nyuzi za noti za Re, Ma na Dha lazima uzilegeze upya. Mimi hunichukua dakika ishirini.

Kilichoniudhi ni hiki: ubao wa mbele wa gitaa langu ni plaiwudi nyembamba, na miezi mitatu tangu nilichukue ubao huo ulianza kuvimba karibu na daraja, kipande kinachobeba nyuzi, kwa mvuto wa nyuzi zote hizo. Nililipa tena kutiwa mbao za ndani. Fundi aliliona gitaa tangu mwanzo, angeniambia.

Kwa hiyo ukitaka kugeuza, peleka gitaa imara, bora lile la ubao uliobenuka kama la Bhatt. Na kabla hujakata mbao, inua nyuzi kwa kipande cha mfupa, lilaze mapajani, upige hivyo miezi miwili.