Geji ya mafuta ya Corolla AE110: uzoefu wangu wa kubadilisha senda

Corolla yangu ni AE110 ya 1998, injini ya 5A, na kwa umri wake sina malalamiko makubwa. Kilichokuwa kinaninyima raha ni mshale wa mafuta. Nikijaza fulu tenki unapanda mpaka nusu, unagoma hapo. Nikipanda mlima unaanguka hadi E, barabara ikinyooka unarudi robo.

Wengi wenye magari ya umri huu wanaishi na ugonjwa huu kwa kutumia tripu: ukijaza unairudisha sifuri, halafu unahesabu kilomita. Ukiwa safari ya Morogoro au Tanga, sawa. Ndani ya Dar es Salaam haisaidii sana, maana foleni ya Mwenge inakula mafuta huku kilomita haziongezeki. Tena kuna jambo watu hawalitilii maanani: pampu ya mafuta ya gari hili imo ndani ya tangi, na inapozwa na petroli hiyohiyo inayoivuta. Ukizoea kutembea tangi likiwa karibu kukauka, pampu inachemka na kufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo geji mbovu inaweza kukutoa hela nyingi kuliko bei ya geji yenyewe.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliangalia dashibodi tu, akasema geji imekufa, ninunue seti nzima ya saa za dashibodi kutoka gari lililokatwa. Seti hiyo ingekuja na odometa yenye kilomita za gari la mtu mwingine. Nilikataa, nikaenda kwa fundi umeme mmoja mzee kule Ilala.

Huyu hakugusa dashibodi. Alitoa siti ya nyuma, akabandua bamba la chuma lililogandishwa kwa gundi nyeusi, akachomoa soketi ya senda, yaani kifaa kinachokaa ndani ya tangi na kuipa geji kipimo cha mafuta.

“Kijana wangu, washa swichi. Mshale unafanya nini?”

“Umelala E, mzee.”

Akachukua waya wa geji, akauunganisha na bodi ya gari kupitia balbu ndogo ya dashibodi, maana hakutaka umeme upite mkubwa ukaunguza geji.

“Na sasa?”

“Unapanda kuelekea F.”

Kesi ya dashibodi ikaishia hapo. Geji nzima, waya mzima, ugonjwa uko ndani ya tangi. Kipimo hiki hakimalizi hata robo saa, na fundi anayetaka kukuuzia saa za dashibodi bila kukifanya, achana naye.

Alinieleza utendaji wake, na tangu hapo naona kila mwenye gari la zamani anafaa kuujua. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya petroli. Boya limeshikwa na mkono wa waya mgumu, na mwisho wa mkono huo kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu ya kisahani cha ukinzani, yaani kinachozuia umeme kupita, na uzuiaji huo hupimwa kwa omu. Kwenye Toyota za miaka hiyo, tangi likijaa ukinzani unakuwa mdogo, kama omu 3 au 4 hivi. Likiwa tupu unafika karibu omu 110. Geji inasoma ukinzani huo tu, haijui kitu kingine.

Kutokana na hapo unaweza kukisia kasoro kwa kutazama mshale unadanganya upande gani. Kutu kwenye soketi, ethi mbovu ya tangi (waya unaoliunganisha na bodi), uchafu kwenye kisahani: vyote vinaongeza omu, kwa hiyo mshale utasema mafuta ni machache kuliko yaliyomo. Boya likitoboka na kunywa petroli linazama, na mshale unalala chini vilevile. Lakini mshale ukiwa F siku zote hata ukiwa umetembea wiki nzima, tafuta waya uliochubuka na kugusa bodi, au mkono uliokwama juu. Ukirukaruka kama wangu, mara nyingi ni ulimi unaopoteza mguso.

Senda ilipotolewa tuliona wenyewe. Kisahani kilikuwa na weusi, na sehemu ya kati ya robo na nusu ulimi ulikuwa umechimba mfereji. Ni sehemu hiyohiyo ambayo boya langu limeishi, kwa kuwa mimi, kama madereva wengi wa mjini, naweka mafuta ya elfu ishirini au thelathini kuliko kujaza. Ule weusi nao una asili yake: salfa iliyomo kwenye petroli inashambulia madini ya fedha yanayotumika kwenye migusano ya senda. Mwaka 2004 kule Marekani, kwenye majimbo kama Louisiana na Florida, petroli iliyouzwa na salfa iliyozidi iliharibu geji za magari mengi, yakiwemo mapya kabisa. Kwa gari lenye zaidi ya miaka 20 si ajabu hata kidogo.

Mzee alisafisha kisahani kwa spiriti na kitambaa laini, akaukunja ulimi kidogo ukandamize vizuri zaidi. Hakutumia msasa, kwani msasa unamaliza kile kidogo kilichobaki. Mshale ukatulia, nami nikafurahi. Baada ya miezi michache ukaanza tena, palepale kwenye mfereji. Kusafisha kunafaa kama kisahani kina uchafu tu. Kikishalika, dawa ni kubadilisha.

Nilitafuta senda Gerezani, Kariakoo, nikiwa na mita yangu ya kupimia omu mfukoni, na hilo ndilo lililoniokoa. Kuna za aina tatu. Kuna zilizotumika kutoka Japani, original, lakini zimezeeka sawa na yangu. Ya kwanza niliyopima ilikatika mguso katikati ya mwendo. Kuna mpya za bei rahisi zinazosemekana zinaingia gari lolote. Hizo ziogope: senda za mifumo ya Ulaya huwa zinatoka omu 10 tangi likiwa tupu hadi 180 likijaa, yaani kinyume cha Toyota, na ukiifunga mshale utapanda kadiri mafuta yanavyopungua. Kuna na mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya Corolla hii. Kati ya hizo nazo nilikuta moja yenye nyaya mbili tu, haina kile kidude cha taa ya onyo.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wauzaji hawakisemi. Taa ya mafuta kwenye gari langu haitegemei boya. Inategemea kidude kidogo kinachobadilisha ukinzani kwa joto: kikizama ndani ya petroli kinakaa baridi na taa inazimika, petroli ikishuka kikabaki hewani kinapata joto, na taa inawaka. Ndiyo maana miezi yote ile mshale ulipokuwa unadanganya, taa ilikuwa inasema kweli. Ukinunua senda isiyo nacho, unapoteza shahidi wako wa pekee wa kuaminika.

Nilichukua yenye nyaya zote, shilingi 85,000. Kabla ya kulipa nilishika boya na kulisogeza polepole toka chini hadi juu huku nikitazama mita. Namba zilishuka toka 112 hadi 4 bila kuruka hata mara moja. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, usiache hela yako pale.

Kufunga kulimgharimu mzee asubuhi moja, akanitoza 20,000. Tangi lilikuwa chini ya nusu, gari lilikuwa uwanjani kwenye hewa, na waya wa hasi wa betri ulitolewa kabla ya boliti yoyote kuguswa. Presha ya mafuta ilikuwa imeshatolewa kwa kuchomoa soketi ya pampu gari likiwa linaunguruma mpaka likazima lenyewe. Gaskiti ya mfuniko tuliweka mpya. Ile ya zamani ilikuwa imekakamaa, na ukiirudisha utanusa petroli ndani ya gari kila ukijaza, jambo la hatari hasa kama unabeba watoto siti ya nyuma.

Mkono wa senda mpya ulikuwa umekunjwa tofauti kidogo na wa zamani. Mzee aliulinganisha na ule wa zamani juu ya meza, akaurekebisha kwa koleo ili usahihi uangukie upande wa E. Nakubaliana naye kabisa. Kukosea kidogo karibu na F hakumuumizi mtu, ila kukosea karibu na E kunakuacha barabarani na kidumu mkononi.

Matokeo: mshale hauruki tena, mlimani wala kwenye kona. Juu bado unachelewa. Unakaa kwenye F muda mrefu kuliko ilivyo kweli, kisha unaanza kushuka kwa mpangilio. Ukishajaza, upe dakika chache, kwa sababu geji hizi zimetengenezwa zisogee taratibu ili zisichezecheze na mawimbi ya mafuta. Taa inawaka mshale ukiwa juu kidogo ya mstari wa E, na nikijaza wakati huo tangi linapokea kama lita 42, nalo ni la lita 50. Tripu bado naibonyeza kila nikijaza, lakini sasa ni kwa ajili ya kujua ulaji wa mafuta tu.