Daftari Kwanza, Homa Baadaye

Nyota moja kwa kituo chetu cha afya. Nilitaka kutoa sifuri.

Majuzi, kama wiki mbili tatu zilizopita, mwalimu alinipigia simu nikamchukue kijana wangu wa darasa la tatu. Nikamkuta anawaka kama jiko. Hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, penye homa hakuna kusubiri: bodaboda moja kwa moja mpaka kituo cha afya cha serikali. Benchi limejaa hadi barazani. Kufika dirishani, saa nane mchana imeshapita.

"Mama, daftari liko wapi?"

Nikamwambia, sista, nimetoka naye shuleni hivi hivi, mtoto hata kusimama hawezi.

"Kanunue basi. Au nikuandikie kiganjani?"

Benchi zima likacheka. Mimi kicheko kile sijakisahau, hata leo nikipika nakisikia.

Kwa wasiojua mambo ya huku: faili lako unatembea nalo mwenyewe, daftari la shule la kawaida. Ada katika vituo hivi zilifutwa mwaka 2001, matibabu ni bure, tunaimbiwa kila uchaguzi. Bure! Halafu unarudishwa na homa yako kwa ajili ya karatasi. Kibanda cha nje ya geti kinauza daftari mara mbili ya bei ya dukani, na mimi nilibaki na nauli tu.

Nikafungua mkoba wa mtoto, nikatoa daftari lake la hesabu, nikaligeuza nyuma mbele. Sista akalitazama, akanitazama, akasonya. Akaandika. Majibu ya malaria yako chini ya saba mara nane, ambayo kijana alikosea.

Sasa hapa ndipo ninapobabaika. Dawa ilikuwepo, jambo ambalo mimi sikulitegemea. Na yule yule sista, niliyekuwa namlaani kimoyomoyo, nikagundua yuko peke yake: anaandika dirishani, anakimbia wodi ya wazazi, anarudi na mikono inachuruzika maji. Bomba la nje lilikuwa kavu. Akachukua kikombe chake mwenyewe, akamimina maji kutoka chupa yake, akamshikia mtoto kichwa mpaka akameza vidonge. "Meza, baba, meza." Sauti ile ile iliyonitukana. Haya, nyota tatu.

Hapana, mbili. Ukutani kuna ubao wa kuonyesha dawa zilizoletwa, na juu yake wamebandika tangazo la chandarua. Nchi hii ilishapata somo la ubao! Uchunguzi ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha za matumizi zilizotolewa na serikali kuu. Kiasi kinachotumwa kikaanza kutangazwa magazetini na kubandikwa shuleni, wazazi wakasoma, na zinazofika zikaongezeka sana. Sasa ubao uliofunikwa tunausomaje? Na hata kuandika "njoo na daftari" mtu ashindwe?

Sista simdai tena. Aliyempanga peke yake zamu nzima, huyo ndiye ningependa nikutane naye dirishani.

Kijana amepona, ila daftari la hesabu amekataa kulirudisha shuleni. Mkienda, bebeni la kwenu. Na kikombe.