Kliniki ya ufuatiliaji kwa waliopandikizwa figo: nyota nne

Nyota nne, na tatu kati ya hizo ni za muuguzi anayetutoa damu ya vipimo. Kabla hajashika sindano huuliza, "Dawa ya asubuhi umeshameza?" Ukisema ndiyo, anakupangia siku nyingine bila kukugombeza. Dawa yenyewe ni takrolimasi, ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, na kiwango chake kwenye damu hupimwa kabla ya dozi, saa 12 hivi baada ya ile ya jana jioni. Ukitangulia kumeza, kipimo kinadanganya, na daktari anaweza kukupunguzia dawa unayoihitaji sana.

Daktari naye anaeleza, hana haraka. Alinichorea kwa kalamu wengu na tezi za limfu, mahali ambapo seli T, askari wa kinga ya mwili, hukutana na alama za kiungo kigeni, zikaamka, zikaongezeka, kisha zikashika njia hadi kwenye figo. Takrolimasi huzuia huko kuamka. Tangu nione mchoro ule, kengele ya dawa siipuuzi hata kidogo. Balungi alilipiga marufuku: hupandisha dawa kwenye damu mpaka ikaidhuru figo ile ile tunayoilinda.

Kilichonikera ni majibu. Kriatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, inaweza kupanda na mgonjwa asihisi chochote, maana figo huanza kukataliwa kimyakimya. Halafu majibu yalale mezani Jumamosi na Jumapili, mtu asipige simu? Hapana, hilo warekebishe.

Mapokezi ya kawaida, viti vinatosha. Ndugu yeyote aliyepandikizwa figo nitamwelekeza hapa, ila nitamsisitizia achukue namba ya maabara, awapigie mwenyewe.