Miezi mitatu na baiskeli za kukodi Mombasa: baiskeli nzuri, vituo ndiyo shida

Baiskeli zenyewe sina neno nazo. Breki zinashika, kikapu cha mbele kinabeba furushi langu la leso bila kuyumba, na mnyororo umefunikwa vizuri, buibui langu halikunaswa hata siku moja. Unalipa kwa M-Pesa, unatumiwa namba, unaibonyeza kwenye kufuli, unaondoka. Ndiyo maana nilivumilia miezi mitatu.

Tatizo ni pale zilipowekwa. Mimi nakaa Likoni na nauza katika duka la leso Biashara Street. Asubuhi nikivuka kwa feri kuja kisiwani, ninachotaka ni baiskeli pale watu wanapotokea feri, nishike Nyerere Avenue hadi Digo Road, nimefika. Lakini Feri hakuna kituo. Kilicho karibu kiko Mama Ngina, kwa hivyo naupa mji mgongo, natembea dakika kumi kuelekea baharini, nachukua baiskeli, kisha narudi kupita palepale niliposhukia. Biashara Street nako hakuna pa kuiacha. Naifunga Ngomeni, pale Fort Jesus, natembea tena robo saa na jua limeshaanza kuchoma. Matatu ya Posta, hata ikingoja abiria wajae, inanifikisha kabla ya hapo.

Kila asubuhi nikifika Mama Ngina nazikuta zimepangwa vilevile, tandiko zimelowa unyevu wa bahari wenye chumvi, nazipangusa kwa ncha ya leso. Hakuna aliyezigusa. Na nyuma yangu, feri moja tu imeshusha watu wasiohesabika, wote wanapanda ule mteremko kwa miguu.

Jumapili mambo yanageuka. Nilimtembeza mwanangu, magharibi ikaingia, nikarudisha baiskeli Mama Ngina: nafasi zote zimejaa. Kijana anayelinda akaniambia, "Mama, hapa hapana nafasi, jaribu Ngomeni." Mpaka nimefika Ngomeni muda ulikuwa umepita, nikakatwa shilingi 50 zaidi, kisha nikalipa tuktuk ya kuturudisha Feri na mtoto amelala begani. Paris walipoona vituo vya mlimani vinabaki vitupu, mwaka 2008 walianza kumpa dakika 15 za bure anayerudisha baiskeli huko juu. Hapa nami ningeambiwa mapema kituo gani kina nafasi, nikaongezewa dakika za kukifikia, nisingelalamika.

Hatua chache za ziada si jambo dogo. Watafiti waliochambua takwimu za baiskeli za Paris waligundua kwamba umbali wa kutembea hadi kituoni ukipungua kwa asilimia 10, yaani mita 13 hivi, matumizi yanaweza kupanda kwa asilimia 6.7. Uhakika wa kukuta baiskeli ukiongezeka kwa asilimia 10, yanapanda kwa karibu asilimia 12. Mita 13! Kutoka Feri hadi Mama Ngina mimi natembea mamia.

Shirika la ITDP, linaloshauri miji kuhusu usafiri, lilipendekeza katika mwongozo wake wa 2013 vituo 10 hadi 16 kwa kila kilomita mraba, ili mtu asitembee mbali. Kisiwa chetu kina kilomita mraba 14 hivi, kwa hesabu hiyo ni vituo 140 na zaidi. Sisi tuna saba, na vinne kati ya hivyo viko mahali pa kupunga upepo na kupiga picha. Sidai 140 kesho. Lakini hivyo saba vingefuata njia moja, Feri, Posta, Marikiti, Mwembe Tayari, vikakaribiana, mtu angeshika baiskeli akijua ataiacha mlangoni pa kazi. Vilivyotawanyika kisiwa kizima havimfikishi mtu kokote.

Wageni wanazifurahia, na nafurahi nao. Ila mgeni hukodi mara moja akaenda zake. Muuza samaki wa Marikiti, mwanafunzi, fundi wa Mwembe Tayari, hawa wangezipanda kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote tatu za baiskeli. Nimewaandikia mara mbili nikiwaonyesha pa kuanzia: pale juu ya mteremko wa Feri, kabla hujafika matatu za Posta, pana nafasi ya kutosha baiskeli 20. Kwa sasa nimesimamisha malipo ya mwezi. Siku nitakayoshuka feri nikazikuta pale, nalipa hapohapo.