Raspberry Pi 4 kama seva ya nyumba ya wageni Lamu: yafaa, ila si kwa chaja ya simu

Kwa nyumba ya wageni Lamu inayotaka ukurasa wa menyu, vyumba na saa za mashua kwenye wifi yake yenyewe, Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RAM ya GB 2 yatosha. Haili stima nyingi, na hata intaneti ikipotea wageni huendelea kuufungua ukurasa. Tatizo ni kwamba bodi huuzwa peke yake, bila chaja wala kadi ya microSD inayobeba mfumo, na hapo ndipo maanguko mengi ya seva huanzia.

Yataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ikilemewa, umeme hushuka chini ya volti 4.63, bodi ikapunguza kasi au ikazima na kuwaka upya. Andika `vcgencmd get_throttled` kwenye terminali ya bodi. Ukijibiwa 0x0, umeme u salama. 0x50005 ni umeme hafifu sasa hivi. 0x50000 ni kwamba ulishuka wakati fulani tangu bodi iwashwe. Usiguse Apache, programu inayowapa wageni ukurasa, kabla ya kununua chaja yake rasmi.

Umeme ukiwa sawa, geukia RAM:

`journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Amri hii huonyesha programu zilizouawa kwa RAM kuisha. Mara nyingi utaikuta MariaDB, hifadhidata ya ukurasa, imeuawa ilhali mkosaji ni Apache. Kwenye Debian, mfumo ambao ndio msingi wa ule wa Pi, mpm_prefork (sehemu ya Apache inayogawa kazi kwa michakato) huja na MaxRequestWorkers 150, yaani michakato 150 kwa wakati mmoja. Kila mchakato wa PHP ukila MB 40, hizo ni MB 6000 kwenye bodi ya GB 2! Siku za kawaida hutaona kitu. Wakati wa Maulidi, nyumba imejaa na simu zote zaufungua ukurasa kwa pamoja, seva inalala. Pima kwa `ps -ylC apache2 --sort=rss`; safu ya RSS ni KB, gawanya kwa 1024. Hesabu hiyo huzidi kidogo kwa kuwa michakato hushirikiana sehemu ya RAM, na ni heri izidi. Kwa MB 40, weka MaxRequestWorkers 20, yaani MB 800, ndani ya `/etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf`, endesha `apachectl configtest`, na ukiona "Syntax OK" ndipo uwashe upya kwa `systemctl restart apache2`. Kuweka kroni (amri inayojiendesha kwa ratiba) ya kuiwasha upya kila saa ni kuficha ugonjwa.

Ili logi zisipotee bodi ikizima, andika `[Journal]` na chini yake `Storage=persistent` katika faili mpya `/etc/systemd/journald.conf.d/99-logi.conf`.

Joto nalo: bodi ikifika nyuzi 80 hupunguza kasi. Kidaka cha ukuta wa ndani kinafaa kuliko baraza inayoelekea bahari, maana chumvi hula tundu la chaja.

Udhaifu mkubwa wa bodi ni kadi. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili huharibika, na "Read-only file system" ndiyo dalili. Hamishia mfumo kwenye SSD ya USB, tundu la buluu.